Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Meli: Vyumba vya Ziwa Victoria na Familia ya Vizazi Vitatu

Kwa: Uongozi wa Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO), Mwanza
Nakala: Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC)
Kutoka: Bariadi, Mkoa wa Simiyu

Chumba cha kulala melini huchaguliwa kwa mambo manne: kina vitanda vingapi, kiko sehemu gani ya meli, kitanda kipi ni cha nani, na nani analala na nani. Tiketi iliyoandikwa jina la daraja peke yake hueleza jambo la kwanza tu. Mengine matatu hubaki kuwa bahati ya msafiri. Kwa mfanyabiashara anayesafiri peke yake hilo si tatizo; yeye atalala popote palipo na godoro. Kwa familia iliyobeba babu, bibi, wakwe, wajukuu na mtoto wa kunyonya, hayo matatu ndiyo yanayoamua kama watu watalala au watakesha wakipishana kwenye korido.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una ufukwe wake wa Ziwa Victoria upande wa Busega, kwenye Ghuba ya Speke, lakini hauna gati la meli yenye vyumba vya kulala. Familia ya Bariadi inayokwenda Bukoba kwa maji hushuka kwanza Lamadi kwa lami ya kilomita 71.8, ikashika barabara kuu itokayo Musoma, ikapita Magu, Kisesa na Igoma, ndipo ikaingia jijini na kuteremka hadi Bandari ya Mwanza Kaskazini. Meli huondoka usiku, hugusa Kemondo, kisha humalizia Bukoba asubuhi. Wanaokwenda Ukerewe hawana habari na vyumba: MV Butiama ya Nansio hubeba abiria 200 kwa safari ya saa chache, kila mtu na kiti chake. Kwa hiyo hoja ya vyumba, kwa upande huu wa ziwa, ni hoja ya njia ya Bukoba.

Na njia ya Bukoba ina watu wake. Kijana wa Maswa amepangiwa kufundisha Muleba, ameishi huko, sasa anaoa huko. Ukoo lazima uende. Kuna posa, kuna mahari, kuna harusi, kuna matanga. Safari hizi hufanyika pamba ikishauzwa na fedha zikishaingia mikononi, au mwezi Juni na Desemba wanafunzi wakiwa likizo, na kwa sababu hiyo hazina mtu mmoja mmoja. Zina watu kumi, kumi na tano, ishirini, wenye mtunza hazina wao na kundi lao la WhatsApp. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, basi la kwenda Bukoba halisubiri tena kivuko, na kwa kijana mwenye begi moja basi limekuwa rahisi kuliko meli. Meli imebaki na jambo moja ambalo basi haliwezi kulitoa hata liwe la kifahari namna gani: mzee wa miaka 80 anaweza kunyoosha mgongo usiku kucha. Jambo hilo limo vyumbani, na vyumba ni vichache.

Uchache wenyewe unapimika. Meli kongwe ya njia hiyo ni MV Victoria, iliyoundwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, Scotland, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1961 ikiwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Hubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 kwa jina la MV New Victoria Hapa Kazi Tu. Kwa miaka mingi kabla ya ukarabati huo, mpangilio wake wa kulala ulikuwa wa aina mbili: vyumba vya vitanda viwili katika daraja la kwanza, na vyumba vya vitanda sita katika daraja la pili la kulala. Wengine wote walikaa, au walijilaza walipopata nafasi.

Meli mpya, MV Mwanza Hapa Kazi Tu, yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, ilishushwa majini tarehe 12 Februari 2023. Nayo ni ya abiria 1,200, na mgawanyo wao uliotangazwa ni huu: wawili wa hadhi ya juu kabisa, wanne wa hadhi ya juu, 60 wa daraja la kwanza, 100 wa daraja la biashara, 200 wa daraja la pili na 834 wa daraja la tatu. Daraja la kwanza likijumlishwa na hadhi mbili zilizo juu yake, wanapatikana watu 66 kati ya 1,200. Ukoo mmoja wa Itilima ukiamua kumsindikiza bibi harusi kwa ukamilifu, unaweza kuyajaza madaraja hayo yote na mashangazi wengine wakabaki gatini na vikapu vyao.

Kipimo cha vitanda viwili kina asili yake. Meli za Ziwa Victoria zilianza kama mkono wa reli ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na daraja la kwanza la vyombo vya zama zile lilikusudiwa ofisa wa serikali na mkewe, au mfanyabiashara aliyetaka utulivu. Hakuna aliyekuwa akimfikiria shangazi mjane anayesafiri na wajukuu wanne. Serikali zimebadilika, mashirika yamebadilika, jina la kampuni limebadilika kutoka MSCL kuwa TASHICO, lakini wazo kwamba chumba cha meli ni cha mtu na mwenzake limedumu kuliko injini.

Baada ya idadi ya vitanda ni mahali chumba kilipo. Chombo kikipigwa na mawimbi, sehemu inayotikisika kidogo kuliko zote ni katikati ya urefu wake, karibu na usawa wa maji. Mbele, kwenye omo, hupanda na kushuka. Nyuma, kwenye tezi, hupanda na kushuka vilevile, na juu ya hayo hupokea mtetemo wa rafadha na mngurumo wa injini. Sitaha za juu huyumba zaidi ubavu kwa ubavu. Wasiolijua Ziwa Victoria hudhani ni bwawa kubwa. Wavuvi wa Busega hawadhani hivyo. Usiku maji ya ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu inayolizunguka, pepo za nchi kavu hukutana juu yake, na radi na mvua kubwa huzuka huko kati hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, zaidi katika miezi ya masika na vuli. Ni saa zilezile ambazo meli ya Bukoba iko njiani.

Kwa kigezo cha mtikisiko peke yake, mjamzito, mwenye shinikizo la damu na mtoto anayetapika hata kwenye daladala wangepewa vyumba vya katikati na chini. Lakini kuna kigezo cha pili kinachovuta upande mwingine, nacho ni ngazi. Ngazi za melini ni nyembamba na zimesimama kuliko za nyumba, na usiku meli ikiyumba humtaka mtu awe na mikono miwili huru. Mzee mwenye magoti mabovu akipewa chumba kilichotulia kuliko vyote lakini kiko ngazi mbili chini ya choo na ngazi tatu chini ya mahali pa kukusanyikia wakati wa hatari, hajapewa huduma, amefungiwa. Pakiwa na mgongano kati ya utulivu na ngazi, ngazi ndiyo ya kusikilizwa kwanza. Kichefuchefu huisha gatini. Nyonga iliyovunjika kwa kuanguka kwenye ngazi haiishi.

Mpangilio unaofaa, basi, ni huu: wazee na wenye ulemavu walale kwenye sitaha ileile wanayopandia, katikati ya meli, karibu na choo ikiwa choo kiko nje ya chumba, lakini si mlango kwa mlango nacho, kwa sababu harufu na kelele za milango nazo ni adha. Mama mwenye mtoto mchanga awe mbali na injini na mbali na ukumbi wenye televisheni. Vijana wapelekwe mbele au juu. Wao kuyumba huwafurahisha. Hakuna karani anayeweza kuyapanga haya kwa kichwa, na hakuna familia inayoweza kuyaomba bila kujua chumba namba fulani kiko wapi. Ndiyo maana ramani ya meli, yenye namba za vyumba, vyoo, ngazi, injini na mahali pa kukusanyikia, ni sehemu ya tiketi kama nauli yenyewe ilivyo.

Halafu kuna kitanda chenyewe. Vitanda vya melini kwa kawaida ni vya deka, kimoja juu ya kingine, na kati ya cha chini na cha juu kuna tofauti kubwa kuliko iliyopo kati ya daraja moja na jingine. Bibi aliyelipiwa daraja la kwanza kisha akapewa kitanda cha juu amelipiwa mateso. Atapanda vipi? Akipanda, atashuka vipi saa nane usiku kwenda haja ndogo, gizani, kanga ikiwa imemzunguka miguuni na kandambili zimesukumwa chini ya mizigo? Wengi huamua kutoshuka, na hukaa na kiu toka Mwanza ili wasisumbuke. Dawa zao za jioni humezwa kwa funda moja la maji. Mambo haya hayaonekani kwenye hesabu za abiria, lakini kila aliyesafiri na mzee anayajua.

Kitanda cha juu kina somo la pili, la heshima. Anayelala juu hupanda kwa kukanyaga ukingo wa kitanda cha chini, na miguu yake huning'inia mbele ya uso wa aliye chini. Mjukuu akimfanyia babu hivyo, babu atamtania na mambo yataishia hapo. Mkaza mwana hawezi kumfanyia hivyo baba mkwe. Atasimama koridoni hadi asubuhi kuliko kupanda.

Hapo ndipo jambo la nne linapoanza, na ndilo zito kuliko yote: nani analala na nani. Kampuni nyingi za usafiri, zikichanganya wageni katika chumba kimoja, hufuata kanuni ya jinsia, wanaume kwao na wanawake kwao. Kwa wasiojuana kanuni hiyo ni ya busara na haifai kuguswa. Ndani ya familia, hata hivyo, jinsia ni nusu tu ya hesabu. Kwa Wasukuma wa Simiyu, kama kwa makabila mengi ya Tanzania, undugu una ukaribu na umbali wake uliopangwa tangu zamani. Babu na mjukuu ni watani. Wanaweza kulala chumba kimoja, wakachekana kwa kukoroma, na mjukuu akamshika babu mkono kwenda chooni bila yeyote kuona haya. Bibi na wajukuu wa kike vivyo hivyo. Upande wa pili kuna ukwe. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hukwepana hata kwenye kiti kimoja cha basi, sembuse chumba cha kulala. Baba mkwe na mume wa binti yake ni wanaume wote wawili, kanuni ya jinsia itawapanga pamoja bila wasiwasi, na wote wawili hawatalala. Mmoja hatavua shati, mwingine hatakoroma kwa raha.

Mfano mmoja utaonyesha ugumu ulivyo. Familia ya Bariadi ina watu 12: babu na bibi, shangazi mjane ambaye ni dada wa babu, mwana wa kwanza na mkewe, binti na mumewe na mtoto wao wa miezi saba, wajukuu wa kiume wa miaka 16 na 12, wajukuu wa kike wa miaka 14 na 9. Mtoto mchanga analala na mama yake, kwa hiyo vitanda vinavyohitajika ni 11. Karani mwenye vyumba vya vitanda viwili atatoa vyumba vitano na kitanda kimoja cha nje. Akifuata mpangilio wa majina yalivyoandikwa, babu atalala na bibi, na hiyo ni heshima njema, isipokuwa kwamba mmoja wao atapata kitanda cha juu, na usiku wazee wawili watategemeana wenyewe kwa wenyewe.

Mtu anayewajua atapanga tofauti. Atatafuta chumba kimoja cha vitanda sita na kukinunua chote kwa ajili ya wanawake: bibi, shangazi na binti mwenye mtoto vitanda vya chini, mke wa mwana na wasichana wawili vitanda vya juu. Vitanda vya chini katika chumba cha sita kwa kawaida ni vitatu, na wanaovihitaji ni watatu. Mtoto akilia, wapo wa kumpokea watano. Mama mkwe na mkaza mwana wamo chumba kimoja, jambo lisilo na tatizo ikiwa mkaza mwana yuko juu ya wifi yake au shangazi na si juu ya mama mkwe mwenyewe, na hata hilo bibi wengi wa siku hizi hulipuuza. Kwa upande wa wanaume, babu atalala chini na mjukuu wa miaka 16 juu yake, mwenye nguvu za kumshika kwenye ngazi. Mwana wa kwanza atalala na mwanawe wa miaka 12. Anabaki mume wa binti, mkwe wa nyumba hii. Akipewa kitanda katika chumba kingine atakubali kwa adabu. Mara nyingi, kwa hakika, huchagua mwenyewe kiti cha daraja la pili, akalinde mizigo na kuongea na watu hadi Kemondo, na pande zote mbili zikashukuru. Nafuu ya nauli inaangukia mfuko wa harusi.

Mpangilio huo hauhitaji anasa yoyote. Unahitaji mambo matatu: chumba cha sita kinachoweza kununuliwa kizima, namba za vitanda zinazojulikana kabla ya kulipa, na vyumba vya wanaume kuwa jirani na cha wanawake. Kukosekana kwa moja kunavuruga mengine. Chumba cha sita kikiuzwa kitanda kimoja kimoja, abiria mgeni mmoja tu akinunua mapema, familia nzima inatawanyika.

Kuuza chumba kizima si jambo geni nchini. Treni ya TAZARA ina vyumba vya vitanda vinne daraja la kwanza na vya vitanda sita daraja la pili. Wageni hutenganishwa kwa jinsia, na wanaosafiri pamoja, mke kwa mume, wakitaka kulala pamoja hununua chumba kizima. Kanuni hiyo inaeleweka kwa kila mtu kwenye jukwaa la stesheni. Duniani kwingine, meli kubwa za matembezi zimeifikisha mbali zaidi: zina vyumba vyenye mlango wa ndani unaounganisha viwili, vyumba vya watu wanne vyenye vitanda vya kukunja ukutani, na vyumba vyenye milango mipana kwa kiti cha magurudumu. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina chumba cha familia cha ghorofa tatu chenye mtelezo wa watoto ndani yake. Mtelezo hakuna aliyeuomba Simiyu. Mlango mmoja wa katikati kati ya vyumba viwili vya vitanda viwili ungetosha, kwa maana hugeuza vyumba viwili vya ofisa na mkewe kuwa nyumba ya watu wanne. Pasipowezekana kutoboa ukuta wa meli iliyokwisha kuundwa, vyumba vinavyotazamana vitatosha.

Suala la vyumba haliishii kwenye starehe. Linahusu pia majina. Basi linalotoka Bariadi kwenda bandarini hupita Igoma, mahali walipozikwa wengi wa waliokufa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ile, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza kwa kupitia Kemondo, ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha yake ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo sababu idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio ya mamia mpaka leo. Waliokuwa na chumba walikuwa na jina. Wasio na chumba hawakuwa nalo. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya 200.

Mtoto wa kunyonya ndiye hupotea kwa urahisi zaidi katika hesabu za namna hiyo, kwa sababu hana kitanda. Hufuatiwa na mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa mgongoni wakati wa kupanda. Tiketi ya familia inayotaja kila jina na umri, pamoja na namba ya chumba, inamaliza tatizo hilo kwa karatasi moja: nahodha anajua chumba fulani kina watu saba ingawa kina vitanda sita, na mhudumu anajua chumba hicho kinahitaji jaketi okozi moja la mtoto mchanga, si la mtu mzima litakalomvuka kichwa. Jaketi la kipimo cha mtoto liwemo chumbani kabla ya meli kung'oa nanga. Kulitafuta stoo baada ya king'ora ni kuchelewa.

Familia nazo zina wajibu wao, na hili haliwezi kusukumiwa kampuni. Mwenye kukusanya michango aandike, kabla ya kulipa, jina la kila msafiri, umri, namba ya kitambulisho, na maneno mawili ya hali yake: magoti, kisukari, ujauzito, ananyonya. Wazee wakutane mapema kuamua ya ukwe, kwa sababu mambo hayo yakiletwa mbele ya dirisha la tiketi, foleni ikiwa nyuma, huamuliwa vibaya na kwa sauti kubwa. Mizigo ya zawadi, magunia ya mchele na kuku, ishuke kwenye sehemu ya mizigo. Chumba cha vitanda viwili kilichojaa magunia hakina mlango wa kutokea. Dawa za usiku, maji, tochi na nepi ziwe kwenye kikapu kimoja kinachojulikana. Na kwa kuwa Kemondo hutangulia Bukoba, watoto waambiwe jioni kwamba kelele za kwanza za kushuka si zao.

Yapo yatakayosemwa kinyume. Itasemwa kwamba kushikilia vitanda vya chini kwa ajili ya wazee kutaacha vitanda vitupu na kuipunguzia kampuni mapato. Jibu lake ni muda: vitanda hivyo vishikiliwe hadi saa sita mchana ya siku ya safari, kisha viuzwe kwa yeyote. Itasemwa kwamba walanguzi watanunua vyumba vizima na kuviuza rejareja gatini. Tiketi yenye majina na vitambulisho inalizuia hilo kuliko tangazo lolote la onyo. Na itasemwa kwamba abiria wengi, wale 834 wa daraja la tatu, hawana habari na vyumba. Hoja hii ina uzito kuliko mbili za kwanza. Hata hivyo, wazee wa daraja la tatu nao wana magoti, na kampuni itakayozoea kuuliza umri wa msafiri dirishani haitashindwa kuwatengea viti vya karibu na choo na mbali na ngazi.

Yanayoombwa kwa uongozi wa kampuni, kwa hiyo, ni haya. Ramani ya kila meli yenye namba za vyumba na vitanda ibandikwe kwenye madirisha ya tiketi Mwanza, Kemondo na Bukoba, na ipatikane kwa simu, kwa kuwa mtu wa Meatu au Maswa hawezi kufunga safari kwenda Mwanza kuangalia chumba kisha arudi nyumbani kushauriana. Chumba kizima kiruhusiwe kununuliwa na familia, na humo ndani kanuni ya jinsia iachiwe wenyewe. Vitanda vya chini vishikiliwe kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu hadi mchana wa siku ya safari. Tiketi ya kundi itaje kila jina, watoto wachanga wakiwemo. Kwa TASAC, ombi ni moja: ukaguzi wa meli kabla ya kuondoka uhesabu watu chumba kwa chumba kwa kulinganisha na tiketi hizo, na uhakikishe majaketi ya watoto yamo vyumbani. Katika yote hayo, la ramani halihitaji sheria mpya wala fundi wa kutoboa ukuta, na linaweza kuanza kabla ya likizo ya Desemba.